Kidaka na Uzi

Shangazi Mwanashei aliacha masanduku matatu ya karatasi
na deni la sukari dukani kwa Mbwarali.
Deni tulililipa. Karatasi ndizo zilizotukalisha chini,
mimi na kaka yangu Famau, siku ya pili baada ya hitima,
chumba cha ndani, Mkomani,
mbele ya ukuta wenye zidaka ishirini na saba.

Famau ni karani wa ghala; kwake dunia nzima ni rafu.
Akashika chaki, akaandika chini ya kila kidaka:
Dawa. Madeni. Uzazi. Mapishi. Barua.
"Kila kitu na pahali pake," akasema,
"na pahali pamoja tu, la sivyo tutazeekea humu."
Hadi adhuhuri mambo yalikwenda.
Karatasi ziliingia zidakani kama njiwa waliozoea banda.

Halafu ikatoka hii:
kipande cha kalenda, Machi, mwaka umeliwa na mchwa.
Upande mmoja, kwa kalamu ya risasi, dawa ya kikohozi:
tangawizi, asali, habasoda kijiko, *asipewe mwenye mimba*.
Upande wa pili: *Zena wa Langoni, mia nne. Kalipa mia.*
Na pembeni, hati nyembamba inayopanda kama sisimizi ukutani:
*Usiku huu Zena kajifungua. Mtoto wa kike. Mvua.*

"Madeni," akasema Famau.
"Uzazi," nikasema.
Kila mtu akashika ncha yake
hata kalenda ikalia kwenye mkunjo.
Akatafuta mkasi.
Nilimtazama tu. Akaurudisha.

Usiku nikafungua bati la biskuti,
lile alimoweka shangazi nyuzi zake za kofia.
Mwekundu nikaufanya uzazi, wa manjano dawa,
mweusi deni, kwa ajili ya nyuso za wadaiwa.
Kalenda nikaitoboa kwa sindano, nikaifunga yote mitatu
ikalala kidakani, masharubu yananing'inia nje.

Hapo nikalewa uzi.
Kijani kwa safari, samawati kwa ugomvi,
uzi wa mvua, uzi wa Jumatano,
uzi wa kila Aboud aliyetajwa,
uzi wa karatasi zenye doa la kahawa!
Alfajiri risiti moja ya mafuta ya taa
ilikuwa na nyuzi kumi na moja,
imefunikwa kama bibi harusi, uso hauonekani.
Famau akainua ule wa zambarau. Karatasi moja tu.
"Huu unamwita nani?"
Nikanyamaza. Ni kama kumpigia ukelele
mtu uliyekaa naye mkeka mmoja.

Tukaanza kupunguza, bila kuambiana.
Yeye akafuta chaki, mimi nikafumua mafundo.
Zikabaki zidaka zitano, nyuzi saba.
"Kidaka ni pa kulala," akasema, huku akipangusa vidole,
"uzi ni jina la kuitiwa."
Akalisema kana kwamba ni lake tangu zamani. Nikamwachia.

Ijumaa akaja Bwana Mselem, kifua kinakwaruza.
Nikavuta wa manjano: kalenda ikatoka.
Akanakili dawa, akaenda zake.

Baada ya alasiri, mwanamke mrefu mlangoni,
Tima binti Zena.
"Nataka siku yangu ya kuzawa. Kitambulisho
wameniandikia mosi Januari,
kama kila asiyeulizwa."
Nikavuta mwekundu. Kalenda ileile.
Akasoma kwa midomo, bila sauti.
Mwaka hakuna, nikamwonyesha tundu la mchwa.
"Machi," akasema. "Na mvua. Yanitosha."

Kisha akageuza.
Akaona mia nne, akaona mia, akafungua pochi.
Akahesabu mia tatu juu ya mkeka, polepole,
noti zimekunjika mara nne.

Famau akachukua mkasi.
Safari hii sikumzuia.
Akakata uzi mweusi, karibu kabisa na fundo,
akairudisha karatasi kidakani
na masharubu yake mawili.